Cheti cha Mama na Mwonjaji wa Ramadhani

Darweshi Hoteli,
Bondeni, Nakuru.
15 Machi 2026.

Mpendwa Mama Mdogo Khadijo,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Kabla ya habari yoyote nataka kujua hali yako. Kifua kimepona? Baridi ya Leicester imeanza kulegea, au bado unalala na soksi? Na je, unapata mtu wa kufuturu naye, au unafuturu kazini ukiwa umesimama? Nyanya huuliza hilo kila magharibi kabla ya kutia tende mdomoni, kisha anajijibu mwenyewe kwamba binti yake hawezi kukosa watu.

Sisi huku ni wazima. Nyanya analalamika goti asubuhi, lakini likipata joto la jiko linanyamaza. Mdogo wangu Sufyan amefunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza. Ilipofika saa nane mchana alikuwa amejilaza sakafuni akiuliza kama jua la Nakuru huchelewa kuzama kuliko la miji mingine. Mvua bado haijaja. Vumbi limeingia mpaka katikati ya kurasa za vitabu vyangu, nikifungua Historia napiga chafya.

Mimi niko kidato cha tatu sasa. Walimu wanasema insha zangu ni nzuri lakini hawajawahi kuisikia sauti yangu. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kungoja zamu yangu ya simu. Kwenye simu kila mtu anaongea juu ya mwenzake, na ikinifikia mimi nasema “niko salama” halafu inakatika. Barua hii anakuletea Fardosa, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kusomea uuguzi. Nilimwomba asiifungue. Akaipima kwa mkono, akaniambia, “Yurub, hiki ni kitabu. Nani ana muda?”

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua umemuuliza Mama mara nyingi kuhusu cheti chake, naye anakujibu “Alhamdulillahi” tu. Wewe ni mdogo wake, unajua jibu hilo huwa limefunika kitu. Yeye hana nia ya kukuficha. Ni kwamba mambo yalikuwa hayajakaa sawa, na hakutaka uwe na wasiwasi ukiwa mbali.

Kile cheti cha msimamizi wa usalama wa chakula, ulichompeleka wewe mwenyewe kukisomea kabla hujasafiri, muda wake ulikuwa unaisha katikati ya Ramadhani. Leseni ya hoteli nayo inafanywa upya mara tu baada ya Idi, na bila jina la mtu mwenye cheti kinachofanya kazi, leseni haitoki. Babu Darweshi alifungua hoteli hii kwa meza mbili. Mama alikuwa anaona aibu hata kuwaza kwamba ndiye atakayeifunga.

Sehemu ya kwanza ilikuwa mtihani wa kuandika. Tulisoma pamoja mezani jikoni nikitoka shule. Kijitabu cha kozi kilinipendeza kuliko nilivyotarajia, na sura ya panya nimeirudia ingawa hakuna aliyenituma. Mimi nauliza, Mama anajibu huku akikata vitunguu.

“Chakula cha moto kihifadhiwe katika joto gani?”

“Joto la kumwamsha mvivu.”

“Mama, ukiandika hivyo utaanguka.”

“Nyuzi sitini kwenda juu. Unadhani sijui? Na hao bakteria, Ramadhani hawafungi?”

Mtihani huo aliupita vizuri. Ilibaki sehemu ya pili. Mtahini kutoka chuo cha mafunzo anakuja jikoni kwako, anasimama pembeni, anatazama unavyosimamia kazi ya kawaida. Na kazi ya kawaida ya mwezi huu, kama unavyojua, ni futari.

Hapa inabidi nikujulishe kwa Chelangat, maana aliingia kwetu baada ya wewe kuondoka. Ni mwanamke wa makamo kutoka Molo, ana chumba chake hapa hapa Bondeni. Alianza kwa kuosha vyombo, na siku hizi anapika nusu ya kila kitu. Ramadhani ndiyo humpandisha cheo kabisa. Mama na Nyanya wamefunga, wateja karibu wote wamefunga, na sufuria haijionji yenyewe. Maalim alishatuambia mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi halafu ateme. Lakini kijitabu cha kozi kinasema mate hayatemwi jikoni, hata kwenye sinki. Basi dini imeruhusu na jiko limekataa, na katikati yao amesimama Chelangat na kijiko chake, kwa sababu yeye ni Mkristo na hafungi.

Anafanya kwa utaratibu. Upawa unamimina kidogo kwenye kibakuli chake, yeye anaonja kutoka kwenye kibakuli, upawa haugusi mdomo wa mtu. Kisha anatangaza kama mtangazaji wa mpira.

“Supu inashambulia, lakini chumvi imebaki golini! Nyanya, ongeza kidogo. Kidogo, nimesema, si mkono wa harusi!”

“Wewe mwanamke, mwezi mzima unakula mbele ya waliofunga,” Nyanya humwambia. “Utaulizwa.”

“Nitaulizwa, na nitasema nilitumwa na nyinyi.”

Wateja wanaofika mapema husikia hayo kupitia dirisha la kupakulia na kucheka, ingawa midomo yao imekauka.

Siku ya mtahini ilikuwa Jumanne. Jina lake ni Bwana Makhanu, mrefu, mpole wa sauti, na alikuja na koti lake jeupe na wavu wa nywele. Alivaa wavu mwingine kwenye ndevu. Sufyan alimtazama mpaka Mama akamtuma nje.

“Endeleeni na kazi,” alisema Bwana Makhanu. “Mnichukulie kama sipo.”

“Boss, na urefu huo?” Chelangat akamjibu. Wote wakacheka, hata yeye. Lakini nasikia kwamba kicheko cha Chelangat siku hiyo kilikuwa kifupi.

Nasema nasikia kwa sababu mimi nilifika baadaye, kutoka shule. Nilipita uani ili nibadilishe sare kabla ya kuingia jikoni. Nikamkuta Chelangat ameinama kwenye bomba la nje, anatapika. Alijiosha uso, akanawa mikono kwa sabuni, akageuka akaniona.

“Usinitazame hivyo, Yurub. Ni nyama ya sherehe ya ndugu yangu juzi. Imeshatoka.”

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

“Usimwambie mama yako. Leo ni siku yake. Mimi nikitoka, nani ataonja? Nani atamalizia viazi? Nyamaza tu, mama. Wewe kunyamaza ni kazi yako.”

Akaingia ndani. Mimi nilibaki mlangoni nikiwa bado na begi mgongoni. Unanijua, Mama Mdogo. Mwalimu akilitamka jina langu vibaya, mimi huitika hivyo hivyo. Niliwaza kungoja mpaka mgeni aondoke, nimwambie Mama faraghani. Lakini kachumbari iliyokatwa na Chelangat ilikuwa tayari kwenye bakuli kubwa, mbichi, ya watu wote wa futari. Naye alikuwa ameshachukua kibakuli chake na kuelekea kwenye supu.

“Mama,” nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie. “Mama, Chelangat anaumwa. Ametapika hapo nje.”

Nyanya aliinua mwiko kutoka kwenye mafuta ya sambusa.

“Yurub!” Nyanya akasema. “Mtu husitiriwa.”

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu Nyanya alisema kweli. Ametulea hivyo. Ukiona aibu ya mwenzako unaifunika, na ukimwona mgeni amekaa unaifunika mara mbili. Mama aliushika ukingo wa meza. Bwana Makhanu alikuwa amesimama tu pembeni kama alivyoahidi.

“Chela, ni kweli?”

“Ni tumbo tu, Mama Yurub. Limetulia. Nimenawa.”

“Umetapika?”

Chelangat alimtazama Bwana Makhanu badala ya Mama. “Nimetapika.”

“Basi vua aproni. Nenda ukalale, na usirudi mpaka tumbo litulie siku mbili kamili.”

“Leo? Mbele ya watu?”

“Leo.”

Alivua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba anaiweka sandukuni, akaiacha juu ya stuli. Kila siku hutoka kwa mlango wa uani. Siku hiyo alipita mbele, katikati ya meza, kichwa juu, mpaka barabarani.

Mama alimwaga kachumbari yote. Akamwaga viazi vilivyomenywa na unga wa kaimati, kwa sababu Chelangat alikuwa ameukanda. Akaosha meza na mbao kwa maji ya moto na dawa. Nyanya alikuwa akilia kwa sauti ya chini, “Chakula cha futari kinamwagwa, ya Rabi, kinamwagwa,” na Mama akazidi kusugua. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo.

Saa zilikuwa zinatukimbia. Tulikata kachumbari upya, Mama akakanda unga mwingine, Nyanya akasimamia sufuria. Kwa kuwa hakukuwa na wa kutangaza, kila mmoja alitumia akili yake. Nyanya aliamua kwa macho tu kwamba supu haijakolea, akatia chumvi. Mama alirudi kutoka stoo, akakumbuka kwamba supu haikuwa imetiwa chumvi, naye akatia.

Adhana ililia. Watu wakala tende, wakanywa maji, wakashika vijiko. Mzee Yaseen, yule fundi wa cherehani wa mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka kijiko chini.

“Mama Yurub,” aliita kupitia dirisha, “leo umetuchotea Ziwa Nakuru?”

“Flamingo wamo, au ni ziada?” akadakia mwingine.

Bwana Makhanu alikuwa amekaribishwa, naye alikuwa na bakuli lake. Alikohoa, akafuta macho. Mama alisimama mbele yake na aproni yenye maji, akisubiri hukumu. “Chumvi si kazi yangu, mama,” akamwambia. “Lakini naomba maji.”

Wateja walipopungua, aliketi nasi. Nilidhani atamsifu Mama kwa kufuata kanuni, kama vile kijitabu kinavyosifu. Hakumsifu. Alimuuliza swali moja tu.

“Leo umemtoa mfanyakazi mgonjwa. Siku utakayoumwa wewe, nani atakutoa?”

“Mimi,” Nyanya akasema.

“Na wewe mama mzee, ukiumwa, nani atakutoa?”

Nyanya akaanza kukusanya vijiko vilivyokuwa mezani.

Bwana Makhanu alieleza kwamba hawezi kulitilia sahihi jiko ambalo usalama wake unakaa kwa mtu mmoja. Anataka awepo msaidizi aliyeandikishwa kwenye kozi, mtu wa jikoni wa kila siku. Atarudi kumwona akifanya kazi. Ikiwa yupo na neno lake linasikika, Mama atapata cheti kabla ya Idi. Ikiwa hayupo, basi. Alinitazama mimi kidogo, na mimi nikatazama viatu vyangu, naye akasema mwanafunzi abaki na shule.

Alipoondoka, Nyanya alianza kutaja watoto wa watu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Chela.”

“Chela uliyemfukuza kama kuku?”

“Huyo huyo.”

Siku mbili za tumbo zikapita. Ya tatu ikapita. Chelangat hakuja. Mama alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Tukaendelea kupika bila kuonja, na Mzee Yaseen akawa anakuja na ndimu yake mfukoni, ya kukatia chumvi. Kila jioni Mama alitazama kalenda ya ukutani halafu mlango, halafu kalenda tena.

Ilipofika Jumatatu iliyofuata aliningoja nitoke shule, tukaenda pamoja. Chelangat alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chake, anachambua viazi vilivyoletwa na kaka yake Kipkemoi kwa lori kutoka Molo, vizuri upande huu, vilivyobonyea upande ule. Hakusimama.

“Karibuni. Nimepona juzi, kama mnataka kujua.”

“Nilikupigia,” Mama akasema.

“Niliiona ikilia.”

Mama aliketi juu ya gunia. Mimi nilibaki nimesimama.

“Sikuja kukuomba radhi kwa kukutoa,” Mama akaanza. “Ingekuwa leo, ningekutoa tena.”

“Basi umekuja kununua viazi?”

“Nimekuja kukuomba radhi kwa kukuacha utoke peke yako. Mgonjwa hushikwa mkono. Mimi niliogopa kuacha sufuria huku mtu anatazama, nikakuacha upite katikati ya wanaume kama mwizi. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.”

Chelangat alishika kiazi kimoja, akakigeuza, akakitupa upande wa vibovu ingawa kilikuwa kizima. Kisha akanigeukia mimi.

“Na huyu kimya wenu. Kumbe ndiye redio.”

“Samahani,” nikasema.

“Usiniambie samahani. Niambie uliogopa nini.”

Nilifikiri kwanza, maana lilikuwa swali la kweli. “Niliogopa watu waumwe. Na niliogopa uanguke kwenye mafuta.”

Chelangat akanirushia kiazi, akanipa na kisu kidogo. “Menya. Umesimama kama afisa wa kodi.”

Nikaketi, nikamenya. Mama akamweleza habari ya msaidizi, kozi, na Bwana Makhanu kurudi. Hakumsihi wala hakumkumbusha Idi. Chelangat alisikiliza bila kuacha kuchambua.

“Nikiwa msaidizi, nikisema mtu atoke jikoni, atatoka?”

“Atatoka.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

“Hata Nyanya?”

Mama alikuna kichwa juu ya buibui. “Hata Nyanya. Lakini hapo itabidi tusome dua.”

Chelangat alicheka mpaka akaweka viazi chini. Siku iliyofuata alikuja kazini, akaiona aproni yake bado imekunjwa pale pale juu ya stuli. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuihamisha.

Mama alimwandikisha kwenye kozi, nami nikaanza kusoma naye kama nilivyosoma na Mama, ila ni mwanafunzi wa aina nyingine. Mama hukariri. Chelangat hubishana na kijitabu. Anataka kujua nani alimuuliza bakteria kama joto hili linamtosha. Akishakubali jambo, hata hivyo, hulifuata kuliko sisi sote. Mimi amenizuia kuingia jikoni na sare ya shule, nami ni mwalimu wake.

Bwana Makhanu alirudi Alhamisi hii iliyopita, alasiri. Na Alhamisi hiyo hiyo Nyanya alikuwa na kidole. Kilichomwa na mwiba wa samaki, akakidharau, kikavimba na kutunga usaha. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha leso, akakaa mahali pake na kuanza kukunja sambusa. Mama alikiona. Nilimwona akikiona. Lakini Bwana Makhanu alikuwa amemwomba Mama asimame pembeni siku hiyo na amwachie msaidizi jiko.

Chelangat alikwenda kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaleta plasta isiyopitisha maji na glovu.

“Nyanya, kidole. Tukifunge vizuri, halafu uvae hii.”

“Nailoni?” Nyanya hakuinua hata kichwa. “Mikono hii ilikunja sambusa kabla nyinyi hamjajua kutambaa. Nikivaa nailoni nitajuaje unga umekaza?”

“Bila glovu hutagusa chakula.”

“Basi sivai.”

Mama Mdogo, nilijua tunakoelekea, na nadhani kila mtu alijua. Ikiwa Chelangat atamwacha Nyanya aendelee, Bwana Makhanu ataona kwamba neno lake halina uzito, na hakuna cheti wala leseni. Ikiwa atamtoa, atakuwa amemtoa mama mwenye nyumba, mjane wa Babu Darweshi, ndani ya jiko lake mwenyewe, mbele ya mgeni. Chelangat alimtazama Mama. Mama alitazama sufuria. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na kama haikuwa dua sijui ilikuwa nini.

Chelangat alifuta mikono yake polepole.

“Basi leo utakaa nje, Nyanya.”

“Mbele ya mgeni?”

“Mbele yake. Mimi pia nilitoka mbele ya huyu huyu.”

Nyanya aliweka sambusa chini. Hapo ndipo alipoinua uso. Alimtazama Chelangat, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio na sikuthubutu hata kuuegemea.

“Ulijisikiaje siku ile?” akamuuliza.

“Vibaya sana, Nyanya.”

“Ndiyo,” akasema Nyanya. “Ni vibaya.”

Akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni yake. Chelangat akampa mkono, na Nyanya, ambaye hukataa mkono wa kila mtu, akaushika. Wakatoka pamoja wakipita katikati ya meza, taratibu, mpaka kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Chelangat alikifunga kile kidole huko nje kwa plasta, akamwekea mto, akarudi, akanawa mikono, akazitupa zile sambusa zilizokwisha kukunjwa. Hakuna aliyesema habari ya chakula kumwagwa.

Mzee Yaseen alipofika na ndimu yake alishtuka kumkuta Nyanya amekaa upande wa wateja.

“Kulikoni, mama? Jiko limekushinda?”

“Nimetolewa,” Nyanya akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi dukani kwa jirani. “Nina kidonda, na mimi ni mtu wa kutolewa. Kwani wewe unataka kula usaha wangu?”

Bwana Makhanu alisikia hayo akiwa ameinama kupima joto la friji. Mabega yake yalicheka kabla ya uso. Kisha akasimama wima, akavua wavu wa ndevu, na kumwambia Mama aende chuoni Jumatatu akachukue cheti chake. Akamwambia Chelangat kwamba anamtarajia darasani baada ya Idi. Mama alisema asante kwa sauti ya kawaida, akaingia stoo kutafuta kitu, akakaa huko kwa muda, akatoka bila kitu chochote mkononi.

Jumatatu yenyewe ni kesho. Ameshapiga pasi buibui lake jeusi jipya. Nyanya bado hajaruhusiwa kushika chakula, na amegundua kwamba kutoka kwenye kile kiti anaweza kutoa amri kupitia dirisha la kupakulia na kusikia habari za mtaa kwa wakati mmoja. Leo Chelangat alipomwambia kwamba kidole kinakaribia kupona, Nyanya alikitazama na kusema kwamba kidonda hakiharakishwi.

Nyanya anakusalimu sana na anasema usile kwa haraka. Mama anakusalimu, atakupigia mwenyewe akishakishika cheti mkononi, basi tafadhali jifanye hujui lolote. Sufyan anaomba picha ya theluji, na Chelangat, ambaye hamjaonana, anasema ukija atakukagua kucha mlangoni. Wewe nawe nisalimie wote unaoishi nao.

Mwenyezi Mungu aupe mwili wako nguvu, aitie baraka riziki yako, na akukutanishe nasi ukiwa mzima na mwenye furaha. Idi yako iwe njema hata kama ni ya mbali.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye kwa maneno machache ya mdomo na mengi ya karatasi,

Yurub